Land Cruiser iliyoinuliwa na propela ya mbele inayotetema: kupima pembe, kufunga dabo krosi na kuisaga ipate nafasi

Land Cruiser 78 au 79 ikishainuliwa, macho ya mwenye gari huwa kwenye springi, shokapu na matairi. Propela ya mbele, yaani shafti inayopeleka mzunguko kutoka transfa (giaboksi ya kugawa nguvu mbele na nyuma) hadi difu ya mbele, hukumbukwa siku inapoanza kutetema. Hapo mafundi wengi hukimbilia kubadilisha krosi (kiungo kinachoiruhusu propela kupinda), na krosi mpya nayo haikai, kwa sababu ile ya zamani haikuwa na kosa. Kilichobadilika ni pembe.

Mwongozo huu ni wa 78 na 79 zenye koili springi mbele, yaani zile za kuanzia 1999: ekseli nzima, mikono miwili mirefu inayoishika ekseli kutoka nyuma yake, habu za fri-wili (zinazofunga au kuachia magurudumu ya mbele), na 4x4 ya kuingiza kwa mkono. Land Cruiser 80 na 105 zina mikono ya namna hiyohiyo, kwa hiyo vipimo vya pembe vitakufaa huko pia. Ila 80 nyingi ni za 4x4 ya muda wote, maana yake propela ya mbele inafanya kazi kila kilomita, na mtetemo unaovumilika kwenye 79 hautavumilika kwenye 80.

Nitasema mapema ninavyoona. Gari lililoinuliwa inchi 2, ambalo kasta yake (mlalo wa mhimili wa usukani, unaofanya gari linyooke) imerekebishwa kwa kiasi, mara nyingi halihitaji dabo krosi, yaani krosi mbili zilizounganishwa pamoja, hata kidogo. Kuanzia inchi 3 kwenda juu, jiandae kuifunga. Katikati ya hapo kinachoamua ni kipimo, na kipimo chenyewe hakimalizi saa moja.

Kwa nini inatetema

Krosi ya kawaida ikipinda, haizungushi upande wa pili kwa spidi iliyo sawa. Ndani ya mzunguko mmoja, upande unaosukumwa huenda mbio mara mbili na kuzubaa mara mbili. Pembe ikiwa nyuzi 10, tofauti hiyo ni kama asilimia 1.5 juu na asilimia 1.5 chini. Pembe ikiwa nyuzi 20, inafika asilimia 6 kila upande. Angalia hapo: pembe imeongezeka mara mbili, fujo imeongezeka mara nne. Ndiyo maana gari huweza kukaa kimya likiwa juu inchi 2, kisha likapiga kelele ukiongeza inchi moja tu.

Propela ina krosi mbili, na kiwandani zilipangwa ili ya pili ifute fujo ya ya kwanza. Hilo hutokea pembe mbili zikikaribiana na yoki (vishikio vya krosi) zikibaki katika mpangilio wake. Pembe zikiachana, fujo inayobaki huenda moja kwa moja kwenye difu na transfa. Kwa tairi la 7.50R16 na difu ya 4.1, ukiwa kwenye kilomita 80 kwa saa propela inazunguka zaidi ya mara 2,000 kwa dakika, na kila mzunguko unapigwa mara mbili. Huo ndio mngurumo unaousikia kwenye sakafu, chini ya miguu ya dereva.

Sasa, kuinua gari kunafanya nini? Mikono ya ekseli imefungwa kwenye chesisi nyuma ya ekseli. Chesisi ikipanda, mikono inainama kwenda mbele, na ekseli inazunguka pamoja nayo: sehemu ya juu inasogea mbele, pua ya difu (pale propela inapoingia) inatazama juu kuelekea transfa. Kwa inchi 2 unapoteza kasta kama nyuzi 2 hadi 3. Kwenye 80, ambayo kiwandani ina kasta ya nyuzi 3 hivi, maana yake umebaki karibu na sifuri. Usukani unakuwa mwepesi, gari linatangatanga barabarani, na ukikata kona usukani haurudi wenyewe.

Fundi anatibu hilo kwa bushi za kasta au kwa bati za kurekebisha mikono. Kasta inarudi, lakini pua ya difu inashuka. Hapo ndipo ugomvi ulipo: usukani unataka pua iende chini, na dabo krosi inataka pua itazame juu kwenye transfa. Ekseli ni moja, haiwezi kuwaridhisha wote wawili kikamilifu, na kazi yote inayofuata ni kutafuta mahali pa kukubaliana.

Hakikisha kwanza ni propela ya mbele

Habu za fri-wili zinarahisisha sana kazi hii. Endesha gari kwenye lami nzuri ukiwa 2H (nguvu kwa magurudumu ya nyuma tu) na habu zikiwa huru, spidi ile ambayo mtetemo hutokea. Kisha simama, funga habu zote mbili, baki 2H vilevile, rudia barabara ileile. Habu zikiwa zimefungwa, magurudumu yanaizungusha propela ya mbele ingawa haina mzigo, na hakuna hatari ya kukaza mfumo kama ambavyo ingetokea ukiingiza 4x4 kwenye lami. Mtetemo ukija na habu na kuondoka na habu, umempata mhusika. Ukibaki palepale, tafuta kwingine: matairi, propela ya nyuma, beringi za magurudumu.

Kwa 80 ya 4x4 ya muda wote, fungua propela ya mbele uitoe kabisa, funga difu ya kati, kisha endesha kwa magurudumu ya nyuma peke yake. Usiende mbali, wala usifanye hivyo kwenye matope.

Kabla ya kupima chochote, ingia chini ushike propela kwa mikono miwili, uitikise juu na chini, kisha uizungushe kushoto na kulia. Krosi iliyokwisha inasikika, tena mara nyingi inaacha vumbi la rangi ya kutu pembezoni mwa kikombe chake. Sukuma pia flenji ya pinioni, pale propela inapofungwa kwenye difu. Ikicheza, beringi ya pinioni imechoka, na dabo krosi haitaiponya.

Kupima pembe

Egesha mahali tambarare, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, na mzigo wake wa kawaida ndani. Gari la safari lililobeba rufu raki, matenki mawili na viti vya wageni halina pembe sawa na gari tupu. Kipimo kidogo cha kidijitali chenye sumaku kinatosha. Programu ya simu pia inafaa mradi simu ilale vizuri kwenye chuma.

Chukua vipimo vitatu: mwelekeo wa flenji ya transfa, mwelekeo wa bomba la propela, mwelekeo wa flenji ya pinioni. Andika kila kimoja pamoja na upande kinaoelekea, maana hesabu yote inaharibika ukichanganya juu na chini.

Tuseme mhimili wa transfa, ukiufuata kwenda mbele, unapanda nyuzi 3, kwa sababu injini na giaboksi zimeinama kwa nyuma. Propela inashuka nyuzi 8 kwenda mbele. Pembe ya krosi ya juu ni 3 jumlisha 8, yaani 11. Mhimili wa pinioni nao unashuka nyuzi 5 kwenda mbele, kwa maneno mengine pua yake inatazama juu kwa nyuma nyuzi 5. Pembe ya krosi ya chini ni 8 kutoa 5, yaani 3. Kumi na moja juu, tatu chini: haziwezi kufutana. Fujo inayobaki unaipata kwa kutafuta kipeuo cha pili cha 11 mara 11 kutoa 3 mara 3, ambayo ni 10.6. Propela hii inatetema kana kwamba ina krosi moja tu iliyopinda zaidi ya nyuzi 10. Kinachotakiwa ni fujo hiyo isizidi 3.

Chungulia pia kutoka juu. Kama propela inaenda upande kwa nyuzi kadhaa, pembe halisi ni kubwa kuliko uliyosoma kwa ubavuni.

Kuchagua dawa

Kwa mfano huo una njia tatu, na hazilingani bei wala ubora.

Ya kwanza ni kushusha pua ya difu hadi pembe za juu na chini zilingane. Kwa mfano wetu hiyo ni nyuzi 8 nzima za kuzungusha ekseli. Bushi na bati haziwezi kufika huko, na krosi zote mbili zitakuwa kwenye nyuzi 11 muda wote. Kwa gari la inchi 2, ambalo linahitaji nyuzi 2 au 3 tu, njia hii ni nzuri: inarudisha kasta na kusogeza pembe pamoja. Ianze hiyo kabla ya kufikiria kukata propela.

Ya pili ni dabo krosi upande wa transfa, kwenye pembe kubwa. Krosi mbili zilizokaa pamoja, na kitufe cha mviringo katikati kinachozigawia pembe nusu kwa nusu, zinafutana palepale. Zile nyuzi 11 zinatoweka kwenye hesabu. Zinabaki 3 za pinioni, ambazo hutazisikia. Unaweza hata kurudisha kasta nyuzi 1 au 2, ingawa utaivuka kidogo ile 3 inayotakiwa. Ukirudisha 3, krosi ya chini inafika 6, na kwa 79 ambayo 4x4 yake ni ya matope na mchanga kwa spidi ndogo, mimi ningekubali. Kwa 80 nisingekubali.

Ya tatu ni kukata na kuzungusha vichwa vya ekseli, vile vinavyoshika magurudumu, ili kasta irudi bila kugusa pua ya difu. Hiyo inamaliza ugomvi wote. Lakini ekseli inavuliwa yote, inahitaji meza ya kuishikilia isipinde wakati wa kuchomelea, na fundi anayejua hasa anachofanya. Kwa inchi 4 na zaidi ndiyo njia ya kweli. Kwa wengi wetu ni ya pili.

Kutoa na kutengeneza propela

Weka kabari magurudumu ya nyuma. Ukihitaji kuinua, gari likae juu ya stendi, jeki ni ya kuinulia tu. Kabla hujagusa nati hata moja, weka alama ya rangi kwenye flenji zote mbili, na mstari mmoja unaovuka sehemu ya meno ya kuteleza, pale propela inaporefuka na kufupika. Propela ikitengana kwenye meno na kurudishwa jino moja pembeni, umejiletea mtetemo ambao utautafuta kwa wiki nzima. Nati huchukua spana ya 14. Zikiwa na kutu, zinyunyizie mafuta usiku uliotangulia.

Propela ikiwa nje, pima umbali wa flenji hadi flenji mara tatu: gari likiwa chini kwa magurudumu yake, ekseli ikining'inia hadi mwisho wa shokapu, na ekseli ikiwa imepanda hadi inakaribia raba ya kuzuia. Vipimo hivi ndivyo anavyovihitaji fundi wa kuchonga, kwa sababu kichwa cha dabo krosi ni kirefu, na bomba itabidi likatwe kufidia. Ekseli inaponing'inia, meno yabaki yameshikana vya kutosha, inapopanda, yasigote. Ukimpa fundi kipimo kimoja tu atakisia viwili vilivyobaki, na propela inayogota hupasua kasha la transfa.

Kichwa kiwe cha gari lenye nguvu inayolingana na lako, na tundu za flenji zifanane. Kikitoka kwenye gari lililochinjwa, badilisha krosi zote mbili na kitufe cha katikati pamoja na springi yake hata kama vinaonekana vizima. Chagua krosi zenye nipeli ya grisi.

Mambo manne ya kusimamia kwenye karakana ya kuchomelea, ukiwepo mwenyewe kama inawezekana:

Bomba liwe la propela. Bomba la maji lenye unene unaofanana halifai, mshono wake haukutengenezwa kwa kusokotwa.

Weldi ya zamani itolewe kwenye mashine ya kuchongea ili kichwa kipya kiingie kwa kukaza na kukaa sawa katikati. Kukata kwa grenda na kukadiria kwa jicho hakutoshi.

Kwanza pointi nne ndogo za kushikia, kisha propela izungushwe ikipimwa kwa saa ya kupimia mpindo. Ikiyumba zaidi ya nusu milimita, inagongwa na kupimwa tena kabla ya kuchomelea kamili, robo kwa robo, pande zinazotazamana.

Nalo la nne husahaulika sana: kibanio cha ethi ya mashine ya kuchomelea kishikwe kwenye bomba lenyewe, karibu na mahali pa kuchomea. Kikishikwa kwenye flenji ya upande wa pili, umeme unapita katikati ya krosi na kuunguza vijisindano vya beringi zake. Ukiivua krosi hiyo baadaye utaona madoa meusi yaliyochimbika kwenye miguu yake. Ikishakuwa hivyo haiponi.

Baada ya hapo propela iende kubalansiwa. Usiiruke hatua hii hata kama fundi amefanya kazi safi.

Kwenye kufunga krosi, shikilia kila kikombe wima, hakikisha vijisindano vyote vimesimama kwenye grisi, kisha sukuma kwa vaisi taratibu. Kikombe kikikataa kuingia milimita za mwisho, kisindano kimoja kimelala chini. Kitoe ukipange, usikipige nyundo. Klipu zikikaa, krosi ipinde kwa mkono pande zote bila kukwama.

Kusaga dabo krosi ipate nafasi

Dabo krosi hufika nyuzi 30 hivi kabla yoki hazijagusana. Gari likiwa chini huwezi kufika huko. Gari likiwa kwenye korongo, magurudumu yote ya mbele yakining'inia, unaweza. Chuma kikigusana na chuma huku propela inazunguka, kitu kitavunjika.

Kwa hiyo inua gari kwa chesisi, liweke kwenye stendi, ekseli ining'inie pande zote mbili huku shokapu zikiwa zimefungwa. Ingiza 2H, funga habu, na uzungushe propela kwa mkono mzunguko mzima, polepole. Ikizunguka laini, huna haja ya kusaga. Ikikaza mara mbili au nne ndani ya mzunguko, paka kingo za yoki na fremu ya katikati kwa rangi ya kupuliza, zungusha tena, na rangi itakuonyesha mahali panapogusana.

Kabla ya kushika grenda, jiulize kama ekseli inahitaji kushuka kiasi hicho. Shokapu fupi kidogo, au mikanda ya kuzuia ekseli, huondoa tatizo bila kugusa chuma cha propela, na kwa gari la wageni linalokimbia Naabi hadi Seronera, kule Serengeti, hutakosa chochote. Kusaga ni kwa yule anayehitaji ekseli ishuke kweli.

Ukiamua kusaga, vua krosi kwanza. Vumbi la grenda likiingia kwenye vijisindano litazila. Saga zile alama tu, milimita moja, rudishia, jaribu, saga tena. Lengo ni mwanya wa milimita 2 au 3 ekseli ikiwa imening'inia kabisa. Kona zimalizwe mviringo, kwa sababu ufa huanzia kwenye kona kali. Usiguse pete inayozunguka kikombe wala mfereji wa klipu. Unachotoa upande mmoja toa kilekile upande unaotazamana nao. Chuma kikianza kugeuka rangi ya bluu umekipa joto kupita kiasi. Pumzika, kipoe chenyewe bila kumwagiwa maji.

Na kama kinachogota ni kitufe cha katikati ndani ya kikombe chake, na yoki hazijagusana bado, weka grenda chini. Hapo ndipo mwisho wa dabo krosi hiyo, na kinachobaki ni kuzuia ekseli isishuke.

Kufunga, kujaribu na kupaka grisi

Rudishia kwa kufuata alama za rangi. Tumia nati mpya za kujikaza, na spana ya kupima nguvu kwa kiwango cha kitabu cha gari lako. Kichwa cha dabo krosi ni kinene kuliko yoki ya zamani, hivyo zungusha tena ukiangalia kinavyopita karibu na bomba la ekzosi na kiungo cha chesisi, gari likiwa chini na ekseli ikiwa juu.

Rudia jaribio la habu kwenye barabara ileile, spidi ileile. Mtetemo ukiwa umebaki kidogo, pima pembe ya pinioni kabla ya kulaumu balansi. Baada ya safari ya kwanza ya barabara mbovu ingia chini ukague nati zote.

Grisi ni ya lithiamu, namba 2. Krosi unapiga hadi grisi itoke kwenye sili zote nne, siyo moja. Kitufe cha katikati kina nipeli yake iliyojificha ndani kabisa, inayohitaji mdomo mwembamba wa sindano kwenye bomba la grisi. Watu wanaofahamu Land Rover Discovery 2 wanajua kinachotokea kikisahaulika: propela yake ya mbele ina dabo krosi iliyotoka kiwandani bila nipeli. Ikikauka inakatika, na kipande kinachopigapiga chini ya gari huweza kutoboa kasha la giaboksi. Nunua mdomo huo wa sindano siku unayonunua krosi, uufunge kwenye boksi la spana, na umwonyeshe dereva nipeli iko wapi. Kila gari linapotoka kwenye maji mengi au matope yaliyofika kwenye chesisi, grisi mpya iingie jioni hiyohiyo, kabla maji hayajalala ndani.